Vifaa vya kupandikiza parachichi vyapatikana nyumbani kwa gharama ndogo

Mkulima wa Sironga, si mbali na mji wa Nyamira, anayetaka kuotesha miche ya parachichi aina ya Hass mwenyewe hahitaji kutumia pesa nyingi kwa vifaa. Sehemu kubwa ya anachotafuta kimo jikoni mwake au katika banda la fundi wa bodaboda. Kitu kimoja tu hakifai kubaniwa: kikonyo, yaani kijiti kinachokatwa kutoka kwa mti mzazi na kuunganishwa na mche wa kienyeji.

Parachichi, au avokado kama wengi wanavyoliita, halifuati mbegu. Kokwa la Hass likipandwa hutoa mti wenye matunda tofauti na ya mzazi wake, tena baada ya miaka mitano au zaidi. Hass zote ulimwenguni zimetokana na mti mmoja uliooteshwa na mpeleka barua wa California, Marekani, Rudolph Hass, katika miaka ya 1920. Yeye mwenyewe alikusudia kuupandikiza aina nyingine. Vikonyo vikakataa kushika, akauacha ukue. Mwaka wa 1935 alisajili hataza yake. Mti huo ulikufa mwaka wa 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi, na ugonjwa huo huo ungali adui mkubwa wa zao hili.

Kupandikiza, kazi ambayo Tanzania huitwa kubebesha, huanza na kokwa, ambalo ni la bure. Lichukuliwe kutoka kwa tunda lililochumwa mtini, si lililookotwa chini, kwa kuwa udongo ndio unaobeba vimelea vya kuoza mizizi. Wataalamu hupendekeza kokwa litiwe katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika 30, lakini maji yakizidi joto kokwa hufa, na kipimajoto hakipatikani katika jikoni nyingi. Kuchuma tunda mtini ni rahisi zaidi. Kokwa lipandwe mapema, kabla halijakauka, upande uliochongoka ukielekea juu.

Chombo cha kuoteshea kinaweza kuwa mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tatu uliokatwa shingo na kutobolewa chini. Pakiti ya maziwa ya nusu lita ni fupi kwa mzizi wa parachichi, unaopenda kushuka. Udongo wa bondeni uepukwe. Sironga ina ardhi chepechepe, na udongo unaotuamisha maji ndio unaostawisha kuoza kwa mizizi. Udongo wa juu wa shamba lililoinuka, ukichanganywa na samadi iliyooza vizuri, unatosha.

Mche ukifikia unene wa penseli, swali ni kisu. Kisu halisi cha kupandikizia huuzwa katika maduka ya pembejeo, na anayepanga kupandikiza mamia ya miche anunue. Kwa miche ishirini, wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi kinafaa kabisa. Kisu cha jikoni huchana badala ya kukata, na jeraha lililochanika halishikani. Kwa anayetaka kunoa, jiwe la sabuni la Tabaka, pamoja na umaarufu wake wote, ni laini mno kwa kazi hiyo. Wembe upanguswe kwa spiriti au kwa dawa ya kung'arisha nguo, sehemu moja kwa tisa za maji, kila unapohamia mti mwingine.

Cha kufungia kimekuwa kigumu kidogo kupatikana tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017. Zamani ukanda ulikatwa kutoka kwa mfuko wowote wa sokoni. Karatasi ya mkate imechukua nafasi hiyo: ukanda wa upana wa sentimita mbili huzungushwa kutoka chini kwenda juu, ili maji ya mvua yasipenye. Juu yake hufungwa uzi mwembamba wa mpira uliokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu ya bodaboda. Ncha ya kikonyo hupakwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa na kuachwa ipoe kidogo.

Sasa kikonyo chenyewe. Kitoke kwa mti ambao mkulima ameona matunda yake kwa macho, wenye afya na unaozaa kwa wingi. Kiwe na unene wa mche, urefu wa sentimita kumi hivi, na macho yaliyovimba ambayo hayajachipuka. Majani hukatwa papo hapo, kijiti kikafungwa katika gazeti lililoloweshwa na kutumiwa siku hiyo hiyo. Asiyekuwa na jirani mwenye mti wa kuaminika anaweza kuanza kwa kuuliza katika kituo cha utafiti cha KALRO mjini Kisii, au kwa afisa wa kilimo. Kununua kijiti kwa mchuuzi asiyejulikana ni kuweka rehani miaka mitatu au minne, muda ambao mti uliopandikizwa huchukua kuzaa. Familia yenye robo ekari hugundua kosa siku mnunuzi anapoyakataa matunda.

Mche hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati kwa sentimita tatu. Kikonyo huchongwa kama kabari na kuingizwa. Vikitofautiana unene, tabaka la kijani lililo chini ya ganda lazima ligusane angalau upande mmoja. Hapo ndipo wengi hukosea.

Mche uwekwe kivulini. Kikonyo huchipuka baada ya wiki tatu hadi sita, na machipukizi yote yanayotokea chini ya kiungo hung'olewa. Mpira na plastiki vikatwe kiungo kikishashikana, visije vikaukaba mche.

Anayetaka kuuza miche, badala ya kuipanda shambani mwake, anahitaji kwanza kusajili kitalu chake, na KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea, ndilo huchunguza miche hiyo.