Kabla ya Kiyoyozi: Pwani Ilivyojengwa kwa Kivuli na Upepo

Kiyoyozi kilipoingia pwani ya Afrika Mashariki, kilikuta nyumba ambazo watu walikuwa wameishi ndani yake kwa karne kadhaa bila kuhitaji mashine ya kuwapoza. Kilwa, Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa na mafundi waliojua jua linapita wapi na upepo unavuma kutoka wapi, msimu kwa msimu. Leo miji yetu inapanda juu kwa zege na vioo, na dunia nzima inatafuta majengo yanayotumia umeme kidogo. Ni wakati mwafaka wa kuisoma upya historia hii, kwa maana majibu ya swali la joto tuliwahi kuwa nayo. Tuliyapata zaidi ya mara moja, na kila mara tukayaacha.

Mawe, chokaa na boriti

Chukua nyumba ya mawe ya Lamu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake ni kiasi cha dhiraa moja. Nje zimepakwa chokaa nyeupe, inayorudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haijageuka joto ukutani. Juu zimepangwa boriti za mikoko, nazo zimebeba dari nzito ya mawe na chokaa. Boriti haihimili upana mkubwa, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta.

Anayeingia hupita kwanza kwenye daka, penye baraza za kukalia wageni, kisha tekani, yaani ukumbi wa ndani ya mlango, halafu hutokea kiwandani, yaani uwanja mdogo wa ndani usioezekwa. Hapo ndipo nyumba inapopumulia. Hewa iliyopata moto hupanda na kutoka kupitia uwazi huo, na nyingine iliyopoa kivulini hufuata nyuma yake kutoka kichochoroni. Kiwanda hupakana na misana, vyumba vilivyo wazi upande mmoja, na nyuma ya misana ndipo penye ndani, chumba cha faragha chenye zidaka (vishubaka) ukutani. Kila hatua unayopiga kuelekea huko mwanga unapungua, na joto la mchana unaliacha nyuma yako.

Nje nako kumefikiriwa. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni za ghorofa mbili au tatu, kwa hiyo kila nyumba humpa jirani yake kivuli kwa sehemu kubwa ya siku. Mahali pengine chumba kimejengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Watu wa Lamu hukiita wikio, na mpita njia chini yake hupata nafuu ya jua. Jioni watu hupanda juu ya paa, chini ya makuti, kufuata upepo.

Upepo wenyewe ulijulikana kwa majina na tabia. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki. Kusi hushika zamu katikati ya mwaka kutoka kusini-mashariki. Matlai hutoka upande wa mawio, na umande hutoka bara alfajiri. Maarifa hayo hayo yaliyoongoza majahazi yaliongoza pia mahali pa kuweka dirisha. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la kifalme la mwanzoni mwa karne ya 14, lilijengwa juu ya mwinuko unaotazama bahari.

Mwaka 1883 Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib pale Forodhani, aliingiza umeme, jambo lililowashangaza watu wa Unguja. Hata hivyo jumba hilo halikutegemea umeme kupoa. Lilizungushiwa roshani pana zilizosimama juu ya nguzo za chuma, na jua lilipofika ukutani lilikuwa limekwisha kuvunjwa makali. Sehemu ya jumba hilo ilianguka Desemba 2020, na tangu hapo hasara yake imewaumiza wengi wanaoupenda Mji Mkongwe.

Tusiipambe enzi hiyo kupita kiasi. Chokaa ilitokana na kuchoma matumbawe kwenye tanuu iliyokula kuni nyingi, na boriti zilitoka kwenye mikoko inayokinga fukwe na kulea samaki. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, na kwa haki. Kinachofaa kurithiwa ni mpango wa nyumba zile: kivuli, njia ya hewa, na ukuta usiolikaribisha jua.

Nyumba ya Kiswahili

Mpango huo haukuwa wa matajiri peke yao. Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Sultani Majid miaka ya 1860 na kufanywa makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891, ilikua kwa nyumba za miti, udongo na makuti. Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni zilijaa aina moja ya nyumba: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma. Mlango wa mbele na wa nyuma ikiwa wazi, upepo hupita moja kwa moja. Mapishi hufanyika uani, kwa hiyo moshi na moto wa jiko havilali na watu vyumbani. Makuti hayashiki joto, na uwazi kati ya ukuta na paa huiacha hewa ya moto itoke.

Kisha yakaja mabati na saruji. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Nyumba zikawa imara zaidi, hazikuhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na moto haukuzila kirahisi. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini bati tupu chini ya jua la saa saba hugeuza chumba kuwa tanuri. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wananchi wake kwa kuamini kwamba bila saruji na bati nyumba si nyumba, hali udongo wa kufyatulia matofali na vigae ulikuwa tele. Wachache walimsikiliza.

Zege lililotafuta kivuli

Jambo la kutia moyo ni kwamba zege lenyewe halikuwa adui. Kuanzia miaka ya 1950 kizazi cha wasanifu majengo kilijaribu kulifanya litumikie hali ya hewa ya pwani. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyesomea Bombay, alijenga shule, makanisa na ofisi zenye vizuizi vya jua na kuta za matundu. Mlimani, ambako chuo kikuu kilihamia mwaka 1964, majengo yalisambazwa kwenye mwinuko unaopata upepo, miti ikaachwa nafasi kati yake.

Kilele cha kazi hiyo, kwa maoni yangu, ni Soko la Kariakoo, lililozinduliwa mwaka 1975. Msanifu wake, Beda Amuli, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa na ofisi yao ya usanifu majengo. Paa la soko hilo ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake. Chini yake wauzaji hupata kivuli kizuri, na pembeni hakuna kuta za kuzuia hewa. Mvua inaponyesha, kila mwavuli hukusanya maji na kuyateremsha kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Paa moja hufanya kazi tatu: kukinga jua, kupitisha upepo, kuvuna maji. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, na ukarabati ukafuata. Ni vema kila mwanafunzi wa usanifu apelekwe pale kabla hajafundishwa kuchora mnara wa vioo.

Vioo na bili ya umeme

Soko lilibaki, mtaa ukabadilika. Sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 273,000 Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Uchumi ulipofunguliwa, zile nyumba za vyumba sita za Kariakoo zilibomolewa moja baada ya nyingine, na juu ya viwanja vilevile vidogo yakasimama maghorofa ya orofa nyingi. Mji ulihitaji kupanda juu, hilo halina ubishi. Kosa lilikuwa kuacha mpango wa hewa ubomolewe pamoja na udongo.

Simama leo kati ya maghorofa mawili ya namna hiyo na utazame juu. Madirisha yanatazamana kwa umbali wa hatua chache, kwa hiyo hayafunguliwi. Upande wa barabarani kuna vioo vinavyotazama machweo bila hata kibaraza cha kuvikinga. Ukutani zimetundikwa mashine za nje za viyoyozi, orofa hadi orofa. Kiyoyozi hakiliui joto, hulihamisha tu: hulitoa chumbani na kulimwaga kichochoroni, pamoja na joto la mota yake yenyewe. Anayeshindwa kununua umeme wa Luku wa kuendesha mashine yake hulazimika kuvuta hewa iliyochemshwa na za majirani.

Hali hii ni ya dunia nzima. Ripoti ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba viyoyozi na feni hutumia takriban asilimia 10 ya umeme wote duniani. Kwetu, waliopitia miaka ya mgao wanajua jengo la vioo linakuwaje umeme unapokatika: baada ya saa moja halikaliki.

Kila mji na joto lake

Afrika ina mifano ya karibu ya kutazama. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, lilichota wazo kutoka kwenye vichuguu vya mchwa. Usiku hewa baridi hupitishwa ndani ya zege zito, na mchana zege hilo hupoza ofisi. Gigiri, Nairobi, ofisi za Umoja wa Mataifa zilizozinduliwa Machi 2011 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Ban Ki-moon zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi 1,200, zikapewa mita za mraba 6,000 za paneli za jua na hewa ya asili inayopanda kupitia uwazi wa katikati.

Lakini Harare na Nairobi ziko nyanda za juu, ambako usiku ni wa baridi. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zina usiku wa joto na unyevu, kwa hiyo zege lililopata moto mchana halipati baridi ya kutosha kulipoza. Tukiiga Eastgate kama ilivyo, tutaambulia jasho. Pwani inahitaji kivuli kwanza na upepo wa kupita moja kwa moja, na somo hilo limeandikwa tayari kwenye kuta za Lamu na paa la Kariakoo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Ndiyo maana nasema jengo la kijani lianzie kwenye karatasi ya ramani, kabla ya kununua paneli moja ya jua. Halmashauri inapotoa kibali cha ujenzi hukagua nondo na msingi. Ikague pia mambo matatu. Je, pande ndefu za jengo zinatazama kaskazini na kusini, ambako kibaraza kifupi kinatosha kuzuia jua, au zimeelekezwa mawio na machweo linakopiga usawa wa macho? Je, hewa inaingia dirisha moja na kutokea jingine? Je, kati ya jengo hili na la jirani imebaki nafasi ya upepo, na ikiwezekana ya mti? Hakuna hata moja linalohitaji fedha za kigeni. Yote matatu mafundi wetu waliyajua, na sheria inaweza kuyadai kuanzia jengo litakaloombewa kibali kesho.