Damu ya Sangara na Maji ya Gugumaji

Remba, kisiwa kidogo cha miamba katika Ziwa Viktoria, ambacho mabati yake yamebanana hata paa kugusana na paa, hakingelijaa watu kiasi hicho lau si sangara, samaki mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, naye kufikia miaka ya 1980 akawa bidhaa ya ng'ambo. Mnunuzi wa ufuoni humfunua shavu, akatazama matamvua: yakiwa mekundu humlipia, yakififia kuwa kijivu bei hushuka. Hukumu hiyo ni ya haki, kwani moyo wa samaki, wenye vyumba viwili tu, huipeleka damu yote kwanza matamvuani ivute oksijeni majini, ndipo izunguke mwilini.

Kisha, karibu na 1990, likawasili gugumaji, asili yake Amerika ya Kusini, ambalo mizizi yake hunywa maji na kuyapandisha kwa vijineli vyembamba hata majanini, yatokako kuwa mvuke, pasipo moyo wa kuyasukuma. Jua ndilo liyavutalo. Katika Ghuba ya Winam mitumbwi ilinaswa, hata fukusi wakaachiliwa 1997 walitafune, ijapokuwa wapo wataalamu wanaozipa mvua za El Niño sehemu ya sifa ya kupungua kwa gugu hilo.