Kabla Hujasema Mzungu Alitufundisha Kukimbia

Ukipost video ya Iten leo, lazima mtu ataweka komenti kuhusu yule mzee Mzungu mwenye kofia. Kisha vita vinaanza. Team moja: "Huyo ndiye alitufundisha kukimbia." Team ya pili: "Mkoloni mwingine anakula jasho letu." Mimi naona nyote mmekosa, na historia yenyewe haijajificha.

Mzee anaitwa Bradha Colm O'Connell, mtawa kutoka Ayalandi. Alifika Iten mwaka wa 1976 kufundisha jiografia pale St. Patrick's High School. Nimesema jiografia. Hakuwa kocha na hakuwa amesomea riadha popote.

Na hakukuta watu wamekaa wakingoja mwokozi. Miaka minane kabla afike, Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott walikuwa wameleta dhahabu kutoka Mexico 1968. Mike Boit, aliyesoma hapo hapo St. Patrick's, alipata shaba ya mita 800 kule Munich 1972. Yaani moto ulikuwa unawaka zamani. Jamaa alikuja akaukuta.

Sasa fikiria mahali penyewe. Iten iko ukingoni juu ya Bonde la Kerio, karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mgeni akipanda kilima kidogo tu anahema kama amefukuzwa na mbwa. Asubuhi baridi inauma. Sokoni watu wanaongea Kikeiyo na Kimarakwet. Wewe umetoka Ayalandi na ramani zako, kila mtoto wa hapo anakupita mbio akienda shule. Ujuaji utaupeleka wapi?

Aliyekuwa akishughulikia timu ya shule wakati huo ni mwalimu Mwingereza, Peter Foster. Kaka yake ni Brendan Foster, aliyeshinda shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo wa 1976. Kenya haikukimbia Montreal. Tuligoma pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. 1980 tukasusia Moscow pia. Kwa hivyo kuna kizazi kizima cha wakimbiaji wetu ambacho dunia haikukiona kwenye Olimpiki, lakini mazoezi kule juu hayakusimama.

Foster alipoondoka, timu ikabaki na mwalimu wa jiografia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lake likawa hilo.

Na hapa ndipo namheshimu. Kwa sababu hakujua, aliuliza. Aliwatazama vijana wakikimbia, akawauliza mwili unasikiaje, akapanga mazoezi kufuatana na majibu yao. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba wanariadha ndio waliomfundisha kazi.

Matokeo unayajua hata kama hujui unayajua. Peter Rono, dhahabu ya mita 1,500, Seoul 1988. Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji, Barcelona 1992. Mwaka wa 1989 akaanza kambi za wasichana wakati wa likizo, wakati wengi bado waliona riadha ni ya wavulana. Wilson Kipketer, aliyepita shule hiyo hiyo, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka wa 1997 akikimbilia Denmark. Aliyekuja kuivunja mwaka wa 2010 ni David Rudisha, kijana wa Colm tena. London 2012 Rudisha akaishusha hadi 1:40.91. Na Rudisha ni wa Kilgoris, Mmaasai. Hata yeye Iten alikuwa mgeni.

Kwa hivyo, wasee, Colm hakuwapa Wakalenjin miguu. Alichowapa ni muda. Alikaa. Alifundisha darasani, akawa mwalimu mkuu, akazeeka papo hapo, na miti ilipandwa pale shuleni kwa heshima ya mabingwa waliotoka hapo. Huwezi kuona mti ukikua kama umekuja kwa wiki mbili.

Linganisha na hawa wa siku hizi. Anashuka JKIA Jumatatu, Jumatano anapaka rangi ukuta wa shule ambao fundi wa kijiji angepaka vizuri zaidi na alipwe, Ijumaa anapiga selfi na watoto wasiomjua jina, Jumapili yuko ndegeni. Hajauliza mtu swali hata moja.

Na tusijifanye ni Wazungu peke yao. Sisi wa Nairobi tukienda Pokot au Turkana na fulana zinazofanana, drone na unga wa msaada, pia ni wageni. Tunaongea na kamera kuliko tunavyoongea na mama mwenye boma.

Mimi nina maswali matatu kwa yeyote anayesema anajitolea: utakaa hadi lini, nani amekufundisha kitu tangu ufike, na ukiondoka kesho kazi itabaki mikononi mwa nani? Ukikosa majibu, hiyo ni safari tu. Safari si dhambi. Lakini usiiite msaada.