Jalala la Ntusi

Mama hajawahi kusema kwamba alifanya kazi dampo. Husema, "Nilipokuwa nahangaika kule Mtoni." Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taka za Dar es Salaam zilimwagwa Mtoni, Temeke, naye aliokota chupa na vyuma chakavu akauza kwa kilo. Daftari zangu za kwanza zilitoka huko. Nilipofika chuo kikuu, nami nikajifunza kutolitaja.

Mwaka huu, nikitafuta mada ya tasnifu, niliketi na picha za setilaiti za Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga nchini Uganda. Kuna mitaro ya kale yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, mingine imechimbwa hadi kwenye mwamba. Mapokeo huiita kazi ya Wachwezi, watawala waliokuja, wakatawala muda mfupi, kisha wakatoweka. Nami nilitaka fumbo la namna hiyo: wafalme, ngome, kutoweka.

Kusini mwa Bigo, si mbali, kuna Ntusi. Hapo pana vilima viwili vilivyotengenezwa na watu, kimoja kikiitwa cha kiume, kingine cha kike. Nilidhani ni makaburi ya wakubwa. Lakini wanaakiolojia walipochimba walikuta mifupa ya ng'ombe, wengi wao wachanga, vyungu vilivyovunjika na mawe ya kusagia nafaka. Vilima vile ni majalala. Watu waliishi Ntusi kwa karne kadhaa, kuanzia yapata karne ya 11, kabla hata mitaro ya Bigo haijachimbwa. Walifuga, walilima, walikula, wakatupa. Katika mabaki yao zimo pia shanga za kioo zilizosafiri kutoka huku kwetu pwani.

Mapokeo yametunza majina ya watawala. Aliyesaga ile nafaka hana jina popote, ila jiwe lake lipo.

Jumapili moja nilimweleza mama. Aliacha kuchambua mchele.

"Kwa hiyo mwanangu, huko chuoni mnasoma taka?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka, kisha akaanza kueleza, kwa mara ya kwanza, bila mimi kumuuliza. Kwamba gari likitoka Masaki walilijua kabla halijamwaga: chupa za mvinyo, makopo, chakula kizima. La Mbagala lilikuwa na maganda ya mihogo na majivu, kwa kuwa maskini hutupa kile tu kisichofaa kabisa. Kwamba mwezi wa Ramadhani taka zilibadilika, na bei ya vyuma ilipopanda, vyuma viliadimika dampo, maana watu walivizuia majumbani.

Niliandika mpaka wino ukaisha. Miaka miwili nimefundishwa kusoma tabaka za udongo. Yeye alizisoma zikiwa bado zinafuka moshi, mgongoni kanifunga mdogo wangu.

Tasnifu yangu sasa italinganisha Ntusi na Mtoni. Mama amekubali kuhojiwa. Jina lake amesema nisiliandike, angalau kwa sasa.