Redio Haikuletwa kwa Ajili Yetu

Kila wiki lazima nipate meseji ya aina hii: "Msee, uliacha chuo ndio ufanye redio? Na hakuna mtu anaskiza redio siku hizi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo leo tuongee historia. Sio ile ya kukariri tarehe usiku wa kuamkia mtihani. Ni historia ya swali moja: Kenya hii, nani huruhusiwa kushika maikrofoni?

Twende nyuma kabisa. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka wa 1928, chini ya kampuni iliyoitwa British East African Broadcasting Company. Yalikuwa ya Kiingereza, na waliolengwa walikuwa walowezi waliotaka habari za kwao wakiwa huku mbali. Kwa zaidi ya miaka kumi Mwafrika hakuhesabiwa hata kama msikilizaji, wacha mtangazaji.

Kilichobadilisha mambo ni Vita vya Pili vya Dunia. Vijana kutoka huku walipelekwa kupigana Ethiopia na hadi Burma, na familia zilizobaki nyumbani zilitaka kujua wanaendeleaje. Ndipo serikali ya kikoloni ikaanza matangazo kwa lugha za Kiafrika. Kwa hivyo hakuna aliyetufungulia redio kwa huruma. Walifungua kwa sababu walituhitaji.

Halafu sauti zikaanza kutoka nje. Mwaka wa 1954, wakati Kenya iko chini ya hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili ya kuupinga ukoloni. Unaweza kuweka askari kwa kila barabara, lakini mawimbi ya redio hayasimami kwa kizuizi. Tarehe 27 Juni 1957, BBC nayo ikaanza Idhaa ya Kiswahili kutoka London. Hebu fikiria: miji mikubwa miwili ya mbali inashindana kuongea na nyanya zetu kwa Kiswahili. Ukiambiwa Kiswahili hakina soko, kumbuka hiyo.

Uhuru ukaja, na mwaka wa 1964 redio ikawa ya serikali kabisa, ikaitwa Sauti ya Kenya. Hapo ndipo anaingia mtu ambaye mimi humsoma kama mwanafunzi: Leonard Mambo Mbotela. Mwaka wa 1966 alianzisha kipindi chake "Je, Huu ni Uungwana?" na kikaendelea kwa zaidi ya miaka hamsini. Mzee aliaga Februari 2025 na bado watu wanaigiza alivyouliza hilo swali.

Manze, tuangalie vile kipindi chenyewe kilivyokuwa. Mtu mmoja. Swali moja. Dakika chache. Mada ni tabia ndogo ndogo za watu, zile unaona kwa majirani, kwa matatu na kwa sherehe za wenyewe. Hana bendi wala wageni maarufu. Ana sauti, mpangilio ambao haubadiliki, na heshima kwa msikilizaji. Hiyo ni podikasti, wasee. Ilikuwepo hapa kabla mtu yeyote hajabuni hilo neno.

Na Mambo huyo huyo ndiye alijua vizuri zaidi maikrofoni ina uzito gani. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali ya Moi. Waliteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakamtoa Mambo nyumbani kwake, na akalazimishwa kuwatangazia Wakenya kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo, wanajeshi watiifu kwa serikali wakakomboa kituo, na sauti ileile ikatangaza kwamba Moi bado yuko mamlakani. Mtu mmoja, siku moja, taarifa mbili zinazopingana, na bunduki zikiwa pande zote. Kama redio ingekuwa ni kelele tu za nyuma ukipika, mbona waliotaka nchi waliikimbilia?

Ukielewa hiyo siku, utaelewa kwa nini serikali haikuwa na haraka ya kuachilia mawimbi. Mwaka wa 1989 Sauti ya Kenya ilibadilishwa ikawa KBC, lakini mwenye nyumba alikuwa yuleyule. Hadi 1996 ndipo Capital FM ikaingia hewani, stesheni ya kwanza ya FM ya kibinafsi. Piga hesabu: kutoka 1964 ni miaka 32. Kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma, kikaoa, kikiwa na mwajiri mmoja tu wa watangazaji.

Baada ya hapo mambo yakafunguka haraka. Mwaka wa 2000 Kameme FM ikaja na Kikuyu, na lugha nyingine zikafuata. Mwaka wa 2006 vijana wa Korogocho wakaanzisha Koch FM ndani ya kontena. Kontena, si jumba la vioo! Kisha Ghetto Radio ikaja na Sheng, lugha ile ile iliyotufanya tuchapwe shuleni.

Lakini tusidanganyane, uhuru huo una gharama. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika mahakama ya ICC kule Hague. Alikana mashtaka, na Aprili 2016 majaji wakasimamisha kesi kwa kuwa ushahidi haukutosha. Hata hivyo, tangu siku hiyo kila anayewasha maikrofoni anajua maneno yake yanaweza kupimwa mbali sana na studio.

Sasa podikasti. Neno lenyewe lilitokea kwa gazeti la Guardian la Uingereza mwaka wa 2004, na mwaka uliofuata Apple ikaziweka podikasti ndani ya iTunes. Huku kwetu, Adelle Onyango, ambaye wengi tulimjua kupitia Kiss 100, alianzisha Legally Clueless mwaka wa 2019. Ujumbe niliopata hapo ulikuwa rahisi: huhitaji masafa ya mtu ndio usikike.

Ni kweli, ila nusu tu. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imeshinda nyumbani na kozi yenyewe haikuwa yangu. Nilipeleka rekodi yangu kwa stesheni moja hapa Nairobi. Swali la kwanza halikuwa kama naweza kuongea. Niliulizwa nina wafuasi wangapi TikTok. Lango halijaondoka, limebadilisha askari tu.

Na podikasti pia ina lango lake: bando. Cucu yangu yuko ushago na redio ya betri. Anaskiza bure, asubuhi hadi usiku. Kazi yangu ninayorekodi kwa simu, nikiwa nimejifunika blanketi ndio mwangwi upungue, hajawahi kuisikia hewani hata siku moja. Mama akiniuliza nitarudi chuo lini, namwambia nitarudi, lakini si kwa kuacha hii. Ndiyo maana sitaki kuchagua kati ya redio na podikasti. Nataka wale wa simu na nataka cucu.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Redio haijakufa, na haikuwahi kufunguliwa kwa watu waliongoja kuitwa. Wale wa Korogocho walikuwa na kontena. Wewe una simu.

Kazi ya wiki hii: tafuta mzee mmoja nyumbani, umuulize alikuwa wapi tarehe 1 Agosti 1982 redio iliposema serikali imepinduliwa. Mwombe ruhusa, umrekodi. Dakika kumi zatosha. Hao wazee wanapungua, na hakuna stesheni itakayokuja kugonga mlango wa babu yako kumuuliza.