Hati ya Shamba na Asili Yake

Huenda katika sanduku la babu yako, msomaji, mna karatasi iliyokunjwa na kutunzwa kuliko nguo za sikukuu. Hiyo ni hati ya shamba au ya kiwanja. Watoto hukatazwa kuigusa, na wakubwa hawaitoi ila pana jambo zito. Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye karatasi hiyo amekwisha kazi, na ya kuwa anayetaka kununua ardhi hana haja ila kuitazama na kuhesabu fedha. Nataka kukuonyesha, kwa habari za nchi yetu na hasa za Pwani, jinsi dhana hiyo ilivyowaponza watu.

Kabla ya utawala wa Waingereza ardhi ya Pwani ilikuwa na kanuni zake. Katika miji kama Lamu, Malindi na Mombasa, watu waliuziana mbele ya mashahidi, na mara nyingi hati iliandikwa kwa Kiarabu na kuthibitishwa na kadhi. Shamba liliweza kuwekwa rahani, kurithiwa kwa mafungu ya sharia, au kutolewa wakfu lisiuzwe tena. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba minazi iliweza kuwa mali ya mtu mmoja na udongo iliposimama ukawa wa mwingine. Hata leo mjini Mombasa ziko nyumba ambazo wenyewe ni mtu na jirani yake tu, lakini kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Nyuma ya miji, kwa Wamijikenda, ardhi ilikuwa ya ukoo. Aliyefyeka msitu na kulima alijulikana na majirani, na ushahidi wake ulikuwa wazee, makaburi, na miti aliyoipanda. Hakuwa na karatasi, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza karatasi.

Aliyeuliza alikuja. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani wa Unguja alipatana na Uingereza kwamba Waingereza waitawale kwa niaba yake ile sehemu ya mwambao yenye upana wa maili 10. Mwaka wa 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi za Pwani. Kila aliyesema ana ardhi alitakiwa apeleke dai lake mbele ya afisa maalumu aliyewekwa kwa kazi hiyo, pamoja na ushahidi. Aliyethibitisha dai lake alipewa cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa mali ya Serikali.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana katika maneno hayo machache umelala msiba mkubwa. Sheria ile iliwafaa waliokuwa na hati, waliojua kusoma matangazo, na walioweza kumlipa mtu wa kuwaandikia na kuwasemea. Ilimtambua mtu mmoja mmoja, ukoo haikuutambua. Mkulima wa Kigiriama au wa Kidigo angesema nini? Kwamba babu yake amezikwa pale? Wengi hawakupeleka dai lolote, na wajukuu wao wakajikuta wakiitwa maskwota juu ya ardhi waliyozaliwa. Mimi sioni haki katika jambo hilo, na wala halikwisha uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963. Kijana wa Kilifi au wa Kwale hahitaji kitabu kumweleza habari hii. Aweza kuisikia barazani kwao.

Utaratibu mwingine ulitoka mbali zaidi. Katika koloni la Australia Kusini palikuwa na afisa wa forodha, Robert Richard Torrens, aliyezoea kuona meli zikiandikishwa pamoja na majina ya wenyewe. Akashikilia ya kuwa ardhi nayo yaweza kuandikwa vivyo hivyo, na mwaka wa 1858 mpango wake ukawa sheria. Asili yake ni hii: daftari la Serikali ndilo lenye neno la mwisho, na mnunuzi hana haja ya kufukua mauzo yote ya zamani. Kenya iliuchukua mpango wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka wa 1919, tena kwa nyingine ya mwaka wa 1963, na sheria za mwaka wa 2012 ziliendelea katika njia hiyo. Ni mpango mwema, ila una sharti moja: daftari lenyewe liwe safi.

Je, lisipokuwa safi? Jibu lilitoka katika Mahakama ya Juu mwezi wa Aprili 2023, kwa kesi ya kiwanja kilichoko Nyali, karibu na bahari. Kampuni moja ilikuwa imekinunua na ilikuwa na hati yake. Mahakama iliona ya kuwa kiwanja hicho kilikuwa mahali pa wazi pa umma, na kwamba mwaka wa 1989 alipogawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, utaratibu wa sheria haukufuatwa. Kwa kuwa mgawo wa kwanza ulikuwa na kasoro, hati zilizozaliwa nao hazikuweza kumkinga mnunuzi wa mwisho, ingawa alikuwa amelipa. Majaji walisema wazi kwamba hati peke yake haitoshi. Lazima itazamwe ilikotoka.

Basi sasa waweza kuelewa kwa nini watu huuliza, "Wakili ni wa nini, nami na muuzaji tumekwisha patana?" Kupatana ni jambo dogo. Wakili hutafuta katika daftari jina la mwenye ardhi, na kama ina deni la benki au kizuizi cha mahakama. Hutaka pia kujua ardhi ilipatikanaje hapo mwanzo. Mpimaji naye huenda shambani kuona kama mipaka ya ramani ndiyo mipaka ya ardhi. Nimesikia zaidi ya mara moja habari za mtu aliyeonyeshwa shamba zuri akauziwa lililo nyuma yake. Tangu mwaka wa 2021 Serikali imeanza kuyahamishia madaftari katika mtandao uitwao Ardhisasa, kuanzia Nairobi, lakini mtandao hauwezi kukuambia ni nani anayelima pale. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, sheria ya mwaka wa 1967 yataka idhini ya bodi ya ardhi, na pasipo idhini mauzo ni batili. Ikiwa ni mali ya ndoa, sheria ya mwaka wa 2013 hairuhusu mume au mke kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Tena uko ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani.

Kumchagua wakili nako si kubahatisha. Kila mwaka wakili hupata cheti kipya cha kumruhusu kufanya kazi, na Chama cha Mawakili cha Kenya huweza kukuambia kama jina ulilopewa limo. Asiyekuwa wakili akikuandikia hati hizo kwa malipo, amevunja sheria, hata awe jamaa yako. Usivutwe na anayetoza kidogo mno, maana ujira wa kazi hii umewekewa kima cha chini na sheria. Na ukiambiwa ya kuwa wakili wa muuzaji atatosha kwenu nyote wawili, shukuru kwa upole ukatafute wako. Siku mtakapohitilafiana, yule atamsemea nani?

Mwisho wa safari ni ofisi ya msajili wa ardhi. Mnunuzi aweza kuwa amemaliza kulipa, amejenga, amelala humo mwaka mzima na kupanda miembe uani, lakini mpaka msajili aandike jina lake, daftari lingali likimtaja yule aliyeuza.