Moto Juu ya Kichuguu: Sehemu ya Pili

Tulimwacha wapi Luteni Kanali Hal Moore, kamanda wa Kimarekani? Ndiyo, nyuma ya kile kichuguu, redio sikioni. Sasa ni Jumatatu, tarehe 15 Novemba 1965, na kunapambazuka.

Usiku umepita salama, utasema. Afadhali. Hebu subiri kwanza.

Kichuguu chenyewe kiko kwenye uwazi wa nyasi katika bonde la Ia Drang, Vietnam, chini ya mlima Chu Pong. Wamarekani wamepaita X-Ray. Jana saa 4:48 asubuhi helikopta ya kwanza ilimshusha Moore mwenyewe hapo.

Helikopta zilikuwa 16 tu. Askari wa batalioni yake, karibu 450. Kwa hiyo walikuja kwa mafungu, na fungu la kwanza halijajipanga sawasawa likamkamata askari wa Vietnam ya Kaskazini. Wenzako wako wapi?

Mlimani, akajibu. Batalioni tatu.

Tatu! Na hawa wa Moore ni moja, tena haijakamilika.

Kuna jambo jingine lililokuwa likimsumbua Moore. Askari wake walikuwa wa Rejimenti ya 7 ya Wapanda Farasi, rejimenti ileile ya kamanda Custer wa zamani. Mwaka 1876 Custer alizingirwa vitani huko Little Bighorn, Marekani, na wote waliokuwa pamoja naye pale wakauawa.

Ila Custer hakuwa na ndege. Moore anazo. Si ndiyo salama yake?

Ndiyo, lakini sikia. Makamanda wa Vietnam ya Kaskazini walishaliwazia hilo. Dawa yao ilikuwa kumshika Mmarekani mkanda: msogelee, mbanane, mpaka rubani aliye juu ashindwe kumpiga mmoja bila kumpiga mwingine.

Na asubuhi hii wanakuja kuushika huo mkanda.

Saa 1 haijafika. Nyasi zilizo mbele ya kombania ya Kapteni Bob Edwards zinatikisika. Si upepo. Ni watu, mamia ya watu, wanatambaa kisha wanainuka mbio. Edwards anapigwa risasi, lakini haachi redio. Baadhi ya mashimo ya askari wake yamenyamaza kabisa, na adui anapita hapohapo.

Moore hana tena watu wa kutosha wa kuziba pengo. Afanye nini?

Anamgeukia Luteni Charlie Hastings. Huyu ni mtu wa jeshi la anga, kazi yake ni kukaa na askari wa miguu na kuwaongoza marubani kwa redio. Mshike vizuri huyu kijana, maana maisha ya wengi sasa yako mdomoni mwake.

Hastings anatamka neno la siri: Mshale Uliovunjika. Kikosi cha Marekani kiko hatarini kufutwa. Kila ndege yenye uwezo wa kupigana Vietnam Kusini, ije hapa.

Zikaja! Zikapangana angani moja juu ya nyingine, kuanzia futi 7,000 hadi 35,000, kila moja futi 1,000 juu ya mwenzake, zikingoja zamu. Chini, uwanja wenyewe unakaribia ukubwa wa uwanja wa mpira tu. Hebu jiweke kwenye kiti cha rubani. Moshi umetanda, vumbi, miti. Rafiki ni yupi? Adui ni yupi?

Inakaribia saa 2. Moore anaamuru kila platuni irushe moshi wa rangi, ili marubani waone mpaka: ndani yake msipige. Moshi unapanda. Mabomu yanasogezwa karibu, karibu zaidi, karibu kuliko ilivyo halali kwa moyo wa binadamu. Hakuna njia nyingine. Yakianguka mbali hayaokoi mtu, na yakianguka karibu…

Moore anainua macho.

Jeti mbili zinashuka. Pua zao hazielekei mlimani. Hazielekei kwenye nyasi. Zinaelekea kwenye kichuguu.

Pale penye kichuguu wamelazwa majeruhi. Pana shehena ya risasi. Yupo Hastings. Yupo mwandishi wa habari Joe Galloway, mwenye umri wa miaka 24, aliyefika usiku wa jana tu. Na zinachobeba jeti hizo ni napalmu, ule moto unaonata mwilini huku ukiwaka.

Moore anapiga kelele kwa nguvu zake zote: Charlie, izuie ndege ile!

Hastings anaikumbatia redio. Panda juu! Panda juu!

Lakini jeti ya kwanza imeshaachia. Matangi mawili yanabingirika hewani, yanakuja. Nyuma yake jeti ya pili imeshalenga, na rubani wake ana kidole kwenye kitufe.

Je, amesikia?

Itaendelea wiki ijayo.